UDONGO UNAOKATAA MAJI
Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi

Mvua ikinyesha, mkulima huihesabu kuwa ni mali iliyokwisha kuingia shambani. Hesabu hiyo si sahihi daima. Kama vile katibu asivyoandika kahawa katika kitabu cha chama kabla haijapita mizani, ndivyo mkulima asivyopaswa kuyahesabu maji kabla hayajaingia ardhini. Upo udongo ambao, ukikauka sana au ukipitiwa na moto, huyakataa maji. Matone hukaa juu yake yakiwa mviringo, kama yakaavyo juu ya jani la gimbi, kisha huteremka pamoja na vumbi na mbolea. Somo hili laeleza sababu ya jambo hilo, hasara yake, kipimo chake na dawa yake.

1. Sababu yake

Kwa kawaida punje za udongo huvutana na maji. Lakini majani, mizizi na kuvu huacha ardhini mafuta yaliyo mfano wa nta. Udongo ukiwa na unyevu, nta hiyo haidhuru. Ukikauka kwa muda mrefu, nta huzivika punje ganda jembamba, na maji hayapati pa kushika. Udongo wa kichanga hudhurika upesi kuliko ule wa mfinyanzi, kwa kuwa nta kidogo tu yatosha kuzivika punje zake. Mikaratusi na misindano, ambayo ina mafuta na utomvu mwingi, imejulikana katika nchi nyingi kuwa huzidisha hali hiyo. Huko Australia, wakulima wa ngano wenye mashamba ya kichanga hulazimika kuchanganya mfinyanzi katika udongo wao ili maji yaingie.

Udongo wa sehemu za juu za Kilimanjaro umetokana na majivu ya volkeno. Ni mweusi, mwepesi, wenye mboji nyingi, nao huyashika maji kama sifongo. Hata hivyo, udongo wa namna hiyo ukivuliwa kivuli chake na kukaushwa kupita kiasi, huweza kupoteza tabia hiyo njema na usilowane tena kama awali.

2. Kazi ya moto

Moto huiongeza hatari hiyo. Joto huigeuza nta ya juu kuwa mvuke. Sehemu ya mvuke huo hushuka ardhini, hukutana na udongo wa baridi, na huganda hapo. Joto la udongo likifika karibu na digrii 200 za sentigredi, ukataaji wa maji huwa mkali. Likipita sana digrii 280, nta huanza kuteketea. Ndiyo maana baada ya moto udongo wa juu huweza kupokea maji, huku tabaka lililo chini yake kwa sentimita chache likiyazuia. Mvua kubwa ikija, udongo wa juu hulowa, huwa mzito, na huteleza juu ya tabaka hilo.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika eneo la Whona, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kabla ya kuzimwa ulikuwa umepita katika eneo la takriban kilomita za mraba 95. Oktoba 2022 moto ulizuka tena mlimani. Vichaka na miti ya ukanda ule hunasa ukungu na kuudondosha ardhini kidogo kidogo. Ikiungua, hasara ni mbili: mnasaji wa maji ameondoka, na ardhi iliyobaki huweza kuyakataa yale yanayoletwa na mvua.

3. Hasara kwa mwanachama na kwa chama

Maji yasiyoingia ardhini hayapotei peke yake. Huchukua udongo, hutia tope katika mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu, huziba mifongo, na mwisho wa safari hulimwaga tope hilo katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Masika huwa na mafuriko. Kiangazi chemchemi hukonda, kwa sababu akiba haikuwekwa. Mashine ya kumenya kahawa mbivu haifanyi kazi bila maji safi.

Shambani, maji machache yanayopenya hufuata nyufa na njia za mizizi, yakiacha mabaka makavu ambamo mbegu haioti. Mbolea iliyotolewa kwa mkopo hufuata maji. Ikisombwa, mavuno hupungua, lakini deni hubaki vile vile katika daftari la chama. Kwa hiyo jambo hili si la bwana shamba peke yake. Ni la kamati pia.

4. Kipimo

Kipimo hiki hakina gharama. Kifanywe mwisho wa kiangazi, kabla ya masika au vuli.

(a) Ondoa majani makavu na majivu. Dondosha matone kumi ya maji safi, mbalimbali, na utazame saa.
(b) Fukua sentimita mbili, kisha tano, ukirudia kila mara.
(c) Tone likizama kabla ya sekunde 5, udongo ni mzima. Likikaa kati ya sekunde 5 na dakika moja, hali imeanza. Likipita dakika moja, ukataaji ni mkali. Likipita saa nzima, ni mkali mno.

Tone likitandaa bila kuzama, huo ni udongo ulioshindiliwa au kuziba. Dawa yake ni kutifua. Tone likisimama mviringo, huo ndio udongo unaozungumziwa hapa.

5. Dawa

Kihamba cha asili chatoa mfano mwema. Mringaringa juu, mgomba katikati, kahawa chini, na matandazo juu ya ardhi: udongo haupati nafasi ya kukauka kabisa. Penye shamba tupu, yafaa haya:

(a) Mabua na nyasi zisichomwe; zitandazwe.
(b) Makingamaji yachimbwe kukatiza mteremko, ili maji yakae mpaka udongo ulainike.
(c) Penye zamu ya mfongo, maji yaelekezwe polepole na kwa muda mrefu.
(d) Mbolea ya chumvichumvi isitiwe siku ya mvua ya kwanza. Fukua kwanza, itiwe baada ya udongo kulowa kwa kina cha kidole.
(e) Moshi ukionekana msituni, taarifa itolewe mara moja kwa serikali ya kijiji na kwa hifadhi.

Kila katibu aandike matokeo ya vipimo, shamba kwa shamba, na kamati iyasome kabla ya kugawa pembejeo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mashamba yapi ya wanachama yaliyo tupu mwisho wa kiangazi, na kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya udongo ulioshindiliwa na udongo unaokataa maji?
3. Je, mbolea ya msimu uliopita ilitiwa kabla au baada ya udongo kulowa?
4. Mfongo unaohudumia chama unatoka wapi, na ni nani anayelinda chanzo chake dhidi ya moto?