Bustani ya Shule Ilishe Kila Mtoto

Mtoto mwenye njaa hawezi kufuata somo. Katika kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 watu wazima walijifunza kwamba kushiba siyo kula vizuri. Makande hushibisha, lakini bila mboga za majani mtoto huweza kupungukiwa damu na vitamini A, hata asione vizuri usiku.

Kwa baridi ya Mbulu pandeni sukuma wiki na karoti. Mchicha hupenda joto. Samadi iacheni ioze kwanza, maana ikiwa mbichi huunguza miche. Mboga zipikwe muda mfupi na mafuta kidogo, kwani bila mafuta vitamini A haiingii vizuri mwilini.

Sasa jambo gumu. Yupo mtoto ambaye kwao hakuna mahindi ya kuchangia. Je, arudishwe nyumbani saa ya chakula? Hapana! Mzazi wake aje abebe samadi au apalilie. Kama mzazi ni mgonjwa, au mtoto ni yatima, kikundi cha bustani kimlimie. Sahani yake iwe sawa na ya wenzake, wala jina lake lisisomwe mstarini.