Siku 11 za Waingereza: Ziliibwa?

Swali: Mwaka 1752 Waingereza walilala Jumatano tarehe 2 Septemba, wakaamka Alhamisi tarehe 14. Kwa nini?

Jibu: Kalenda ya Julius Caesar iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, ilhali mwaka wa jua umepungua hapo kwa dakika kama 11. Ni kidogo, ila kila miaka 128 hivi hutimia siku nzima. Kufikia 1582 siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, inayotumika kupanga Pasaka, ilikuwa imesogea kutoka tarehe 21 hadi 11. Papa Gregory wa 13 akaruka siku 10. Uingereza, iliyokwisha kuachana na Roma, ikakataa; na kwa kuwa mwaka 1700 ulikuwa mrefu katika kalenda ya zamani tu, ukaidi huo ukaiongezea siku ya 11.

Swali: Wapangaji na wadeni hawakupunjwa?

Jibu: Hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana nani alipe kodi kamili ya nyumba kwa siku pungufu? Bunge lililiona hilo mapema. Sheria yenyewe ya kubadili kalenda iliagiza kwamba kodi za pango, madeni na mikataba iliyokuwapo isidaiwe kabla ya siku zake kutimia. Hata kijana aliyengoja kufikisha miaka 21 alipaswa kuzimaliza zote. Alama imebaki hadi leo: mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili, na chimbuko lake ni 25 Machi ya zamani.

Swali: Mbona husemwa watu walifanya ghasia wakidai siku zao?

Jibu: Shahidi anayetajwa sana ni mchoro wa William Hogarth wa mwaka 1755, wenye bango la kudai siku 11. Lakini Hogarth alikuwa bingwa wa kejeli, na alichokikejeli ni uchaguzi wa Oxfordshire wa 1754. Huo ni ushahidi dhaifu. Manung'uniko yalikuwepo, hasa kuhusu Krismasi, ambayo baadhi waliendelea kuiadhimisha 5 Januari. Kwa maoni yangu aliyepata hasara ni msomaji wa historia, kwa sababu sheria hiyohiyo ilihamisha mwanzo wa mwaka kutoka 25 Machi hadi 1 Januari. George Washington, aliyezaliwa Virginia 11 Februari 1731 kwa hesabu ya wakati ule, leo huandikwa 22 Februari 1732.