Dondoo muhimu: Vitu vya asili kwa bei nafuu, Mbulu na Hanang

Anayetafuta vitu vya asili kwa bei nafuu aanzie kwenye minada ya mifugo, kama ule wa Katesh huko Hanang, kabla ya maduka ya watalii ya Arusha. Mnadani, kibuyu cha maziwa au bangili ya shaba huuzwa kwa mtu atakayeitumia, na bei hufuata matumizi hayo. Kagua alama za kazi: bangili ya zamani hulainika upande wa ndani, uliogusana na ngozi, kibuyu kilichotumika hubaki na harufu ya moshi, na penye ufa huenda kimeshonwa. Weusi wa kupaka, wa kukifanya kitu kionekane cha zamani, mara nyingi hutoka ukisugua kwa kitambaa chenye maji.

Wapo watakaosema bei ndogo ni unyonyaji. Hoja hiyo ina uzito muuzaji anaposukumwa na njaa, hasa akileta sketi ya ngozi yenye shanga, ya mama wa Kiiraqw au Kibarabaig. Hiyo ni heshima ya familia, usiinunue. Mhunzi anayeuza kazi yake mwenyewe ni jambo jingine: anajua gharama zake, mlipe anachostahili, uandike jina lake na kijiji. Kupeleka vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji kibali, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.