Bomba la Maji Linapovuja Nyumbani: Namna ya Kulitengeneza Bila Kulehemu

Tundu dogo la bomba huonekana jambo jepesi, hasa linapodondosha matone tu. Lakini ukuta usiokauka huota ukungu, na ukungu huwadhuru zaidi watoto wachanga, wazee na wenye pumu. Waraka huu unaeleza namna ya kutengeneza bomba la shaba la maji baridi bila moto.

Ikiwa umepanga nyumba katika England au Wales, sheria ya mwaka 1985 kwa kawaida humtaka mwenye nyumba kutengeneza mabomba. Mjulishe mara moja kwa maandishi, uhifadhi nakala. Wewe funga maji tu.

Lijue bomba kwanza

Gesi nayo hupita katika mabomba ya shaba yanayofanana na ya maji. Usikate bomba mpaka uwe na yakini kuwa ni la maji. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote. Fungua madirisha, toka nje na upige simu 0800 111 999.

Bomba laini la kijivu, ambalo likikwaruzwa hung'aa kama fedha, ni la risasi. Hupatikana zaidi katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1970. Risasi ikiingia katika maji hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Usilikate, wasiliana na kampuni ya maji. Kila asubuhi, acha maji yaliyolala bombani yamwagike kabla ya kunywa au kumtengenezea mtoto maziwa.

Lehemu yenye risasi imepigwa marufuku katika mabomba ya maji ya kunywa tangu 1987, lakini bado huuzwa kwa kazi nyingine. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutumia kiungio cha nati badala ya lehemu.

Vifaa

Kiungio cha nati cha kutengenezea bomba, kisicho na kizuizi ndani, kinacholingana na bomba lako (mara nyingi milimita 15) na kilichoidhinishwa kwa maji ya kunywa; kikata bomba; msasa laini; spana mbili; kalamu; ndoo na vitambaa.

Hatua za kazi

1. Zima umeme kwenye swichi kuu, ikiwa unaifikia bila kukanyaga maji. Usifungue waya wa kijani na manjano uliofungwa kwenye bomba. Huo ni kinga ya umeme.
2. Funga koki kuu, ambayo aghalabu huwa chini ya sinki la jikoni, kwa kuizungusha kufuata mwendo wa saa. Fungua mifereji mpaka maji yakatike.
3. Kata kipande chenye tundu. Nafasi iwe fupi kuliko kiungio, ili kishike bomba pande zote mbili.
4. Ondoa makali ya ncha kwa msasa, kisha zifute.
5. Katika kila ncha ingiza kwanza nati, kisha pete ya shaba. Telezesha kiungio chote upande mmoja, halafu kirudishe mpaka kifunike nafasi sawasawa. Kalamu ikusaidie kuweka alama.
6. Kaza nati kwa mkono. Kisha shika kiungio kwa spana moja, na kwa nyingine zungusha kila nati kama mzunguko mmoja. Usizidishe: pete iliyobonyea huvuja.
7. Fungua koki polepole. Zungushia kiungio karatasi kavu. Ikilowa, kaza robo mzunguko.

Acha maji ya mfereji yatiririke dakika chache kabla ya kuyanywa. Kagua tena asubuhi, na ukaushe ukuta na sakafu kwa kufungua madirisha.

Mwite fundi

Usijaribu mwenyewe ikiwa bomba ni la maji ya moto au la boila, limefichwa ukutani, au koki kuu haifungiki. Unapopiga simu, unaweza kuuliza kama kuna mkalimani wa Kiswahili.

Leo, kabla bomba halijapasuka, waonyeshe wote wa nyumbani mahali koki kuu ilipo.