KUFUFUA PIKIPIKI KUUKUU: LUGHA YA FUNDI KATIKA KISIWA CHA MOMBASA NA FUNZO LAKE KWA WAUNDAJI WA ISTILAHI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya kazi ya kufufua pikipiki ya zamani iliyotelekezwa, kwa kurejelea mazingira ya Kisiwa cha Mombasa na hasa Mji wa Kale. Yanaifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua, tangu pikipiki inapopanguswa vumbi hadi inaporudi barabarani kwa mujibu wa sheria. Hoja kuu ni kwamba majina ya vifaa katika kazi hii kwa kiasi kikubwa ni ya mkopo, ilhali vitenzi vinavyobeba maarifa ya fundi ni vya Kiswahili chenyewe, na vingi vimejengwa kwa kauli ya kutendua. Makala yanapendekeza kwamba ukusanyaji wa istilahi uanzie kwenye tendo badala ya kuishia kwenye jina la kifaa.

1.0 Utangulizi

Maneno fundi, funzo, fundisha na mwanafunzi ni ya ukoo mmoja. Hata hivyo, fundi na mwanafunzi wa Kiswahili hukutana kwa nadra. Mwanafunzi hutafuta istilahi katika kamusi na fundi huzitumia akiwa amechuchumaa kando ya injini, na kila mmoja hudhani kwamba lugha ya mwenzake haimhusu.

Pikipiki kuukuu inafaa kuwa mahali pa kuwakutanisha wawili hawa. Pikipiki mpya ikiharibika, mara nyingi kipuri hubadilishwa na safari ikaendelea. Ile ya miaka ya 1960 au 1970 huhitaji kufunguliwa, kuchunguzwa na kuelezwa. Vipuri vyake ni adimu, kwa hiyo fundi hulazimika kufikiri na kusema anachokifikiri, hasa anapokuwa na mwanagenzi wa kumwelekeza.

2.0 Kutoka Chomboni Hadi Barabarani

Kabla ya kuingia gerejini ni vyema kukumbuka kwamba lugha ya barabara katika pwani ya Kenya ilitanguliwa na lugha ya bahari. Usukani, kabla ya kuwa wa gari, ulikuwa wa jahazi. Nauli, neno lenye asili ya Kiarabu, lilihusu malipo ya kusafiri au kusafirisha shehena kwa chombo. Abiria alikuwa msafiri wa chomboni. Neno chombo lenyewe, ambalo kwa mwenyeji wa Mombasa lilitosha kumaanisha jahazi, leo hutumika katika fungu la maneno chombo cha moto, yaani gari au pikipiki. Mtu anayesimama karibu na Bandari ya Kale, nyuma ya nyumba za Ndia Kuu, anaweza kuona mahali ambapo maneno hayo yaliishi kabla ya kupanda nchi kavu.

Jina pikipiki nalo halikukopwa. Ni tanakali sauti, sawa na tukutuku, jina la zamani la chombo hichohicho. Wasemaji waliisikia injini, wakaipa jina kwa masikio yao. Kwa hiyo Kiswahili kilipokutana na kifaa hiki kigeni kilitumia njia tatu: kuhamisha maneno ya bahari, kuiga sauti na kutohoa majina ya vipuri. Swali la makala haya ni hili: ni ipi kati ya sehemu za lugha hiyo inayobeba maarifa ya kazi?

3.0 Hatua za Kazi na Lugha Yake

3.1 Kuchunguza

Adui wa kwanza wa pikipiki iliyolala Mombasa ni hewa ya chumvi. Pepo za bahari hupenya vichochoro vya Mji wa Kale na kukaa juu ya kila chuma. Kutu huanza kwenye njiti za magurudumu, mnyororo na sehemu ya ndani ya tangi, mahali ambapo jicho halifiki.

Fundi makini hapigi kiki papo hapo. Huchomoa plagi, hutia matone machache ya oili ndani ya silinda, kisha huiacha kwa saa kadhaa au hata siku nzima. Baada ya hapo huizungusha injini polepole kwa mkono. Iwapo pistoni imekwama, kazi ni kuikwamua bila kuilazimisha, kwa maana nguvu ya ghafla huweza kuvunja ringi au kukwaruza silinda.

Aya hii fupi tayari imetoa mfano wa hoja kuu. Plagi, oili, silinda, pistoni, ringi na kiki ni maneno ya mkopo. Choma na chomoa, kwama na kwamua ni ya wenyeji, na kila jozi imefungamana kimofolojia: kiambishi cha kutendua hugeuza hali kuwa kinyume chake.

3.2 Mafuta

Petroli iliyoachwa kwa miaka hupoteza sehemu zake nyepesi na kubaki kama ulimbo. Ulimbo huo huziba jeti za kabureta, ambazo matundu yake ni membamba mno. Hapana budi kabureta ifunguliwe, ioshwe, na kila jeti izibuliwe kwa hewa au kwa uzi laini wa shaba. Waya wa chuma kigumu haufai, kwani huongeza upana wa tundu na kuharibu kipimo cha mafuta. Tangi nalo husafishwa kutu, la sivyo magamba yake yatashuka na kuziba kilichozibuliwa jana.

Ni muhimu vilevile kujua aina ya injini. Injini nyingi za zamani zenye mipigo miwili, zikiwamo za Vespa, skuta iliyoanza kuundwa Italia mwaka 1946, hupata ulainisho kutokana na oili inayochanganywa na petroli kwa kipimo cha mtengenezaji. Anayeitilia petroli tupu injini ya namna hiyo huiua kabla haijatoka mtaani. Injini yenye mipigo minne huwa na oili yake peke yake, nayo hubadilishwa kabla ya jaribio la kwanza.

3.3 Moto

Katika lugha ya gereji, moto ni cheche ya umeme. Plagi hutoa moto au haitoi. Fundi huigusisha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na mvuke wa petroli, kisha hupiga kiki na kutazama.

Moto ukikosekana katika pikipiki ya zamani, mshukiwa mmoja ni platini, yaani ncha mbili ndogo zinazokutana na kuachana ili kukata na kurudisha mkondo wa umeme. Jina hili linatokana na madini ya platinamu, na limebaki hata pale ambapo ncha zimeundwa kwa tungsteni. Platini iliyoota kutu husuguliwa kwa msasa laini, na nafasi kati ya ncha hupimwa. Katika injini nyingi nafasi hiyo ni takriban milimita 0.3 hadi 0.4.

Neno msasa linastahili kutazamwa kwa makini. Kwa asili ni mti wenye majani ya kukwaruza ambayo maseremala waliyatumia kulainisha mbao. Leo ni karatasi ya dukani. Neno lilihama kutoka kwa mti hadi kwa karatasi kwa sababu tendo la kusugua halikubadilika. Kilichobadilika ni kifaa tu.

3.4 Kusikiliza na Kutazama

Injini inapowaka kwa mara ya kwanza fundi hunyamaza. Moshi wa buluu katika injini ya mipigo minne humwambia kwamba injini inakula oili, huenda ringi zimelika. Moshi mweusi humwambia kwamba petroli imezidi hewa. Plagi ikichomolewa baada ya mwendo mfupi huthibitisha: rangi ya kahawia ni dalili njema, masizi meusi ni shibe iliyopita kiasi, na weupe uliokauka huashiria joto kubwa au uhaba wa mafuta.

Hapa lugha ya fundi ni ya mwili. Injini hula, hunywa, huvuta hewa, hukohoa, huchoka na hufa. Mhakiki wa fasihi ataiita hii tashihisi, lakini gerejini haikusudiwi kuwa pambo. Ni mfumo wa utambuzi. Anayesema kwamba injini inakohoa amekwisha kuelekeza uchunguzi kwenye mafuta, hewa au moto usiotulia.

3.5 Breki, Magurudumu na Mnyororo

Injini inayonguruma haitoshi kuifanya pikipiki ifae barabarani. Tairi kuukuu huweza kuonekana zima huku mpira wake umekauka na kupasuka. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 hubeba tarakimu nne za tarehe: 1218, kwa mfano, ni wiki ya 12 ya mwaka 2018. Nyaya za breki na klachi huchunguzwa uzi kwa uzi. Mnyororo hurekebishwa ubaki na ulegevu, aghalabu wa sentimita 2 hadi 3, kwa sababu uliokazwa kupita kiasi hukatika au kuharibu beringi. Ngoma ya breki ikifunguliwa, vumbi lake halipulizwi kwa mdomo, kwa maana breki nyingi za zamani ziliundwa kwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Spana nazo huhitaji uangalifu. Pikipiki za Japani hufuata milimita, ilhali za Uingereza za zamani, kama BSA na Triumph, zilitumia vipimo vya inchi. Spana isiyolingana na nati hula pembe zake, na nati iliyoliwa pembe haikaziki wala hailegezeki.

3.6 Sheria na Jaribio

Nchini Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayosimamia usajili wa vyombo vya moto. Mwenye pikipiki kuukuu sharti ahakikishe kwamba usajili ni halali na kwamba bima ya kuwalinda watu wengine ipo. Dereva na abiria wanatakiwa kuvaa kofia ngumu na jaketi linaloakisi mwanga.

Jaribio la kwanza halifai katika vichochoro vya Kibokoni, ambamo watoto na wazee hutoka mlangoni na kujikuta njiani. Barabara iliyo wazi, katika saa ya utulivu, humpa fundi nafasi ya kujaribu breki kabla ya mwendo. Foleni ya feri ya Likoni nayo haifai, kwani injini nyingi za zamani hupozwa kwa upepo wa mwendo, na zikisimama zikiunguruma hupata joto kupita kiasi.

4.0 Mjadala: Jina na Tendo

Hatua zilizoelezwa zinaonyesha mpangilio ulio wazi. Kazi huanza kwa kutendua: kufungua, kuchomoa, kubandua, kuzibua, kukwamua. Kisha hurudi katika kutenda: kubandika, kuchomeka, kufunga, kukaza. Hata neno tatua, linalotumika kwa kila tatizo, limetokana na tata kwa kauli hiyohiyo. Mwanagenzi anayejua kwamba kilichofungwa hufunguliwa na kilichozibwa huzibuliwa ana ramani ya kazi ndani ya sarufi ya lugha yake.

Hoja hii haina maana kwamba vitenzi vyote ni vya asili. Kutyuni na kunoki vimetoholewa. Wala si kila jozi ni ya kutendua: kinyume cha kaza ni legeza, ambacho kimetokana na legea kwa kauli ya kutendesha. Hata hivyo, vitenzi hivyo vya mkopo huingia katika mnyambuliko wa Kiswahili na kutii kanuni zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: jina la mkopo halijaidhoofisha lugha pale ambapo kitenzi kimebaki imara.

Mombasa ina historia yake katika suala la usanifishaji. Mkutano wa mwaka 1928 uliofanyika mjini humo uliichagua lahaja ya Kiunguja badala ya Kimvita kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo, sehemu kubwa ya uundaji wa istilahi imejikita katika majina: kila jina la Kiingereza hutafutiwa mwenzake. Kwa njia hiyo mwanafunzi hupata mgandamizo wa darasani, lakini haelezwi kwamba fundi huupima kwa kuziba tundu la plagi kwa kidole na kuhisi kidole kikisukumwa kiki inapopigwa.

Kidahizo cha plagi, kwa mfano, kingefaa kutaja si ngeli na maana tu, bali pia matendo yake: huchomekwa, hukazwa, huchomolewa, hutoa moto, hushika masizi, husomwa rangi. Orodha hiyo fupi ya vitenzi ni somo zima la ufundi.

5.0 Hitimisho

Fort Jesus, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2011. Maneno ya mafundi hayana orodha ya namna hiyo, ingawa nayo yanakabiliwa na mabadiliko. Pikipiki mpya nyingi hazina platini, baadhi hazina kabureta, na zile za umeme hazina plagi wala kiki. Majina haya yataondoka pamoja na vifaa vyake, kama yalivyofifia mengi ya jahazi. Fungua, funga, chomeka na chomoa vitabaki. Kinachoweza kupotea bila kuonekana ni matumizi yaliyounganisha majina hayo na vitenzi hivyo, pamoja na ujuzi wa kusoma moshi na kusikia kikohozi cha injini.

Mombasa inao mfano wa kufuatwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mnamo mwaka 1840, yalihifadhika kwa kiasi kikubwa kwa sababu Mwalimu Sikujua, akishirikiana na W. E. Taylor, aliyakusanya katika karne hiyohiyo ya 19 wakati walioyakumbuka wangali hai. Hakungoja yachapwe ndipo ayathamini. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo anaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari, kalamu na subira ya kuketi kando ya fundi tangu plagi inapochomolewa hadi injini inapowaka.