Ushauri: Kompyuta Ihamishe Kadi, Wewe Kaa na Watu

*Ndugu Mshauri,*

*Mimi ni mratibu wa kazi katika matbaa ndogo hapa Morogoro. Tuko watu 7. Mwaka jana tulianza kutumia Trello, programu ya ubao wa kazi, na kila oda ina kadi yake: kalenda, vitabu vya risiti, mialiko ya harusi. Lakini kila asubuhi napoteza karibu saa nzima kuhamisha kadi, kuandika orodha zilezile za ukaguzi na kuwakumbusha wenzangu tarehe. Niliweka vikumbusho vinavyojituma vyenyewe, sasa hakuna anayevisoma. Kijana wetu wa kompyuta anasema kila kitu kinaweza kujiendesha. Nimwachie?*

*Mratibu, Morogoro*

Ndugu yangu Mratibu,

Pole na kazi. Kijana wenu hakosei kuhusu uwezo wa programu, ila usimwachie kwanza. Kaeni nyote mkubaliane ni kazi zipi hazihitaji mtu kuamua. Hizo ndizo za kuipa kompyuta.

Ndani ya Trello kuna Butler, chombo kilichoanza kama programu ya nyongeza hadi Trello ilipokinunua Desemba 2018. Kinafuata kanuni zenye sehemu mbili: tukio, kisha tendo. Basi ziandikeni kwanza kwenye karatasi, kwa Kiswahili chenu cha kazini: "Kadi ikiingia safu ya Usanifu, iwekewe jina la msanifu, orodha ya ukaguzi, na tarehe ya mwisho siku 2 mbele." Mkishindwa kuimaliza sentensi bila mtu kusema "inategemea", kazi hiyo bado ni ya binadamu.

Anzeni na kanuni hiyo. Orodha ya ukaguzi ije na vipengele vyake vyote: majina, namba za simu, tarehe, idadi ya nakala, aina ya karatasi. Ikishazoeleka, ongezeni ya pili: kila Jumatatu saa 2 asubuhi, kadi ya kuhesabu karatasi na wino ijitengeneze yenyewe.

Kuna mahali nakusihi msiguse. Butler anaweza kuhamisha kadi pindi vipengele vyote vya ukaguzi vinapotiwa alama, na kijana wenu atatamani kadi ziende hivyo hadi mashineni. Mkatalie. Msanifu aliyechelewa anaweza kutia alama zote kwa mkupuo mmoja, kadi ikamfikia mpiga chapa, zikatoka kalenda 1,000 zenye namba ya simu iliyokosewa. Mwaliko wenye jina la bi harusi lililoharibika hauwezi kufutwa ukaandikwa upya. Ni karatasi mpya, wino mpya, na mteja aliyeumia. Kadi ya kwenda mashineni ihamishwe kwa mkono, na mtu aliyeishika prufu yenye sahihi ya mteja.

Kuhusu vikumbusho, wenzako si wazembe. Mkata karatasi akiletewa ujumbe wa kila kadi ya usanifu, atazoea kuupita, na siku ya ujumbe wake ataupita vilevile. Futa vyote, ubakize kimoja: siku moja kabla ya tarehe ya mwisho, kwa mwenye kadi peke yake. Tarehe hiyo ikipita bila kazi kukamilika, mfuate mezani kwake. Huenda anasubiri picha kutoka kwa mteja, au amezidiwa na aibu inamzuia kusema. Hakuna kikumbusho kitakachokuambia hayo.

Ongezeni kanuni moja kwa wakati, mkiijaribu kwanza kwenye ubao wa majaribio. Mpango wa bure wa Trello una ukomo wa mara ambazo kanuni zinaweza kutekelezwa kwa mwezi, kwa hiyo msizimalize kwa mambo madogo. Na kila kanuni iandikwe mahali ambapo wote wanaiona, pamoja na jina la anayeisimamia. Butler hutenda kwa niaba ya aliyeweka kanuni. Kijana wenu akihama kazi na kuondolewa kwenye ubao, kanuni zake zinaweza kukoma, nanyi msijue kwa nini kadi zimelala.

Saa utakayoiokoa kila asubuhi, usiijaze kazi nyingine ya mezani. Pita kwa msanifu, kwa mpiga chapa, kwa mkata karatasi, uulize kilichokwama na ukikwamue. Huko ndiko kuratibu, na wenzako wanakuhitaji huko zaidi ya kwenye kadi.