🌙 *DARASA FUPI LA RAMADHANI: HABASODA NA SINDANO YA SUKARI*



Kila Ramadhani tunayasikia haya: "Una sukari? Achana na sindano za hospitali, kemikali hizo. Kunywa habasoda na asali, tiba ya Mtume ﷺ."

Habasoda imethibiti kwa Bukhari na Muslim. Asali ina shifaa, imo ndani ya Suratun-Nahl aya ya 69. Hapo hatubishani. Lakini asali ikizidi kwa mwenye kisukari, sukari inapanda. Na anayetegemea insulini akiiacha, siku chache tu maisha yake yako hatarini.

Mabedui walipomuuliza Mtume ﷺ kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, wala hakuwafungia dawa ya aina moja. Tena imepokewa kwa Abu Daud kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu, dhamana ya madhara iko juu yake. Basi tuogope kusambaza kila "dawa" inayoingia kwenye simu!

Na miti si adui wa hospitali: dawa ya mseto ya malaria asili yake ni mmea.

*La kufanya leo:*
1️⃣ Usiache dawa kimyakimya. Muulize daktari akupangie za futari na daku.
2️⃣ Unatumia mitishamba? Mwambie, asikuzidishie.
3️⃣ Akikukataza kufunga, ruhusa ipo, Al-Baqara 184-185: utalipa ukipona, au utatoa fidya kama ugonjwa hautarajiwi kuondoka.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin. 🤲